Tufundishe Mwanga Kabla ya Mashine

Wanachuo wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha huleta maswali yaliyowashinda darasani. Maswali hayo twayathamini kuliko maandalio ya masomo yaliyoandikwa kwa hati safi, maana ndiyo yanayotuonyesha mahali ambapo mafunzo ya chuo hayajafika. Miongoni mwa maswali ya siku hizi limo moja linalorudi tena na tena, hasa kutoka shule za vijijini. Mtoto amemwona bwana shamba akielekeza simu kwenye jani la muhogo, na simu ikataja ugonjwa. Siku ya pili mtoto anamwuliza mwalimu wake: "Simu ilionaje?" Mwanachuo hujibu: "Inatumia akili mnemba." Mtoto huketi, na kipindi huendelea.

Twasema wazi kwamba hilo si jibu. Hilo ni jina tu, na jina likitolewa mahali pa maelezo humfunga mtoto mdomo. Tangu hapo mtoto hujifunza kwamba ndani ya simu mna kitu kinachojua yote, wala hakiulizwi kimejuaje. Mtoto wa namna hiyo akiwa mkulima atang'oa shamba lake kwa sababu simu imesema. Akiwa mgonjwa atanyamaza kwa sababu mashine imesema. Kwa hiyo jambo hili si dogo, wala si la walimu wa kompyuta peke yao.

Maoni yetu ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi asianze na mashine. Aanze na mwanga, kisha aonyeshe jinsi mashine inavyofundishwa kwa mifano, na yote mawili ayafanye kwa vitu vilivyopo kijijini. Katika makala haya tutajaribu kueleza sababu zetu na kupendekeza njia ya kulifanya hilo.

Kuona ni kupokea mwanga

Watoto wengi, na hata watu wazima, hudhani kwamba jicho hutoa kitu kinachokwenda kukigusa kile kinachotazamwa. Lugha yetu yenyewe yasaidia dhana hiyo, maana twasema mtu "ametupa jicho". Wataalamu wengi wa kale wa Uyunani nao waliamini hivyo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi zake nyingi Misri, ndiye aliyeonyesha kwa hoja na majaribio kwamba mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia machoni. Jicho ni mpokeaji. Pasipo mwanga hakuna kuona, hata jicho liwe zima namna gani.

Jambo hili mwalimu aweza kulionyesha kwa boksi la viatu. Upande mmoja atoboe tundu dogo kwa pini. Upande wa pili akate dirisha na kulifunika kwa karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia. Boksi likielekezwa kwenye mti uliopigwa na jua, na mtoto akijifunika kichwa kwa kanga ili asisumbuliwe na mwanga wa nje, ataona mti huo juu ya karatasi, nao umesimama kichwa chini. Hapo mwalimu asifanye haraka ya kueleza. Aulize kwanza: "Mti umeingiaje ndani ya boksi? Kwa nini umepinduka?" Watoto wakichora mistari iliyonyooka kutoka kileleni na shinani mwa mti hadi kwenye tundu, watagundua wenyewe kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na kwamba mistari hiyo hupishana kwenye tundu.

Kamera ya simu haina siri kubwa kuliko boksi hilo. Mahali pa tundu pana lenzi, na mahali pa karatasi pana bamba dogo lenye vihisi mwanga vingi sana vilivyopangwa safu safu. Kila kihisi hupima mwanga ulioangukia hapo, na kipimo hicho huandikwa kama namba. Kwa kawaida namba hizo huanzia 0, yaani giza, hadi 255, yaani mwanga mwingi kabisa. Kwa hiyo simu haipokei "jani la muhogo". Hupokea orodha ndefu ya namba. Jani lenye afya huonekana kijani kwa sababu klorofili iliyomo hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na mwanga wa kijani ndio unaorudishwa kwa wingi zaidi. Jani lenye batobato lina mabaka ya manjano kwa sababu klorofili imepungua hapo, kwa hiyo mwanga unaorudi ni tofauti, na namba nazo ni tofauti. Kumbe swali la mtoto lina sehemu mbili: namba zinafikaje, nalo ni somo la mwanga, na namba zinageukaje kuwa jina la ugonjwa, nalo ni somo la kufundishwa.

Mashine yenye vihisi 400

Sehemu hizi mbili zilikutana mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1958 huko Marekani, Frank Rosenblatt, mwanasaikolojia wa maabara ya Cornell mjini Buffalo, alitangaza wazo la mashine iwezayo kujifunza, akaiita Perceptron. Kwanza wazo hilo lilijaribiwa kwa kompyuta kubwa ya wakati huo, IBM 704. Ilionyeshwa kadi zenye alama, nyingine upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia. Baada ya majaribio 50 iliweza kuzitenganisha bila ya kuambiwa kanuni ya kushoto na kulia. Baadaye ikajengwa mashine yenyewe, Mark I Perceptron. Jicho lake lilikuwa vihisi mwanga 400, vilivyopangwa 20 kwa 20. Nyuma ya vihisi hivyo palikuwa na vifundo vya umeme mfano wa kile cha kuongeza na kupunguza sauti ya redio, navyo vilizungushwa na mota ndogo. Mashine ilipokosea, vifundo vilizungushwa kidogo ili kosa lipungue. Kujifunza kwake kulikuwa huko tu: kupokea mwanga, kutoa jibu, kusahihishwa, na kurekebisha vifundo.

Mashine za leo zina namba mamilioni, nyingine mabilioni, mahali pa vifundo vile, tena mpango wake una tabaka nyingi. Hata hivyo msingi wa kusahihishwa kwa mifano haukuondoka. Kwa sababu hiyo twaona kwamba kazi ya Rosenblatt yafaa kuletwa darasani. Ni ndogo ya kutosha kuchezwa na watoto, na ni ya kweli ya kutosha kutowadanganya.

Somo la watoto tisa

Mchezo tunaoupendekeza wahitaji watoto tisa, kadi chache, punje za mahindi na punje za maharage. Kila kadi ichorwe miraba tisa, tatu kwa tatu, na kupewa namba: safu ya juu 1, 2 na 3; safu ya pili 4, 5 na 6; safu ya chini 7, 8 na 9. Katika kila kadi miraba miwili ipakwe makaa. Kadi ya "kushoto" iwe na alama katika miraba ya 1, 4 au 7. Kadi ya "kulia" iwe na alama katika miraba ya 3, 6 au 9. Alama ya pili yaweza kuwa upande uleule, au katika safu ya katikati, yaani 2, 5 au 8.

Watoto tisa wapewe namba, na kila mmoja atazame mraba wake tu kupitia karatasi iliyokunjwa kama bomba. Hao ndio vihisi mwanga. Mwalimu akiinua kadi, mtoto ambaye mraba wake ni mweusi husogea mbele hatua moja. Mtoto mwingine, karani, huhesabu punje walizo nazo waliosogea. Kila hindi ni moja la kuongeza. Kila haragwe ni moja la kuondoa. Jumla ikizidi sifuri, karani atangaze "kulia". Ikiwa ni sifuri au pungufu, atangaze "kushoto". Akipatia, hakuna kinachobadilika. Akikosea, waliosogea hurekebishwa: ikiwa jibu sahihi lilikuwa "kulia", kila mmoja wao huongezewa hindi; ikiwa lilikuwa "kushoto", kila mmoja huongezewa haragwe. Hindi na haragwe zikikutana mkononi mwa mtoto mmoja hufutana.

Tufuate kadi nne. Mwanzoni watoto wote wana mikono mitupu. Kadi ya kwanza ina alama katika 3 na 6. Jumla ni sifuri, karani asema "kushoto", naye amekosea. Mtoto wa 3 na wa 6 wapewa hindi mojamoja. Kadi ya pili ina 1 na 5. Jumla ni sifuri, jibu ni "kushoto", nalo ni sahihi. Kadi ya tatu ina 5 na 9. Jumla ni sifuri, jibu "kushoto" ni kosa. Wa 5 na wa 9 wapewa hindi. Kadi ya nne ina 5 na 7. Mtoto wa 5 ana hindi moja, jumla ni moja, karani asema "kulia", naye amekosea. Wa 5 na wa 7 wapewa haragwe. Hindi la mtoto wa 5 lafutwa. Sasa wa 3, wa 6 na wa 9 wana hindi mojamoja, wa 7 ana haragwe, na wengine hawana kitu. Kuanzia hapo mwalimu aonyeshe kadi yoyote iliyofuata kanuni yetu, nalo darasa litapatia.

Hapo ndipo mwalimu aulize swali kuu la kipindi: "Ni nani kati yenu aliyejua maana ya kulia?" Mtoto wa 6 alijua mraba wake tu. Karani alijua kuhesabu tu. Maarifa yamo katika mgawanyo wa punje, na punje hizo ziligawanywa kwa makosa yaliyosahihishwa. Mtoto aliyecheza mchezo huu hatakubali tena kuambiwa kwamba mashine inajua kwa sababu ina akili. Atauliza ilipewa punje zake kwa kadi zipi.

Mwalimu mwanafunzi aweza kusema kwamba mchezo huu unapoteza wakati, na kwamba dakika tano za maelezo ubaoni zingetosha. Sisi hatukubaliani naye. Maelezo ya ubaoni yatakaririwa na kusahaulika, bali mtoto aliyepewa haragwe mbele ya wenzake kwa kosa ambalo halikuwa lake atakumbuka jinsi mashine inavyosahihishwa.

Giza, na mfano uliokosekana

Mchezo ukishaeleweka, mwalimu aubomoe kwa makusudi mara mbili. Sehemu hii ndiyo tunayoiona kuwa muhimu kupita zote, na ndiyo inayorukwa na wanaofundisha mashine kama muujiza.

Mara ya kwanza afunge madirisha na mlango, kila mraba uonekane mweusi katika bomba la karatasi. Watoto wote tisa watasogea mbele. Karani atahesabu mahindi matatu, ataondoa haragwe moja, na kutangaza "kulia". Kadi ikibadilishwa atatangaza "kulia" tena, na tena. Watoto watacheka, na mwalimu awaache wacheke, kisha awaulize: "Mbona mashine yetu haikusema kwamba haioni?" Haikusema kwa sababu haikufundishwa kusema hivyo. Ilijibu gizani kwa uhakika uleule iliojibia mwangani.

Mara ya pili mikono yote itolewe punje, na darasa lifundishwe upya, lakini kwa kadi zenye alama katika safu mbili za juu peke yake. Darasa litafaulu vizuri. Kisha mwalimu ainue kadi yenye alama katika 8 na 9. Watoto hao wawili hawajawahi kusogea, mikono yao ni mitupu, jumla ni sifuri, na jibu ni "kushoto". Ni kosa, wala halikuletwa na uvivu wa mtoto yeyote. Mwalimu ndiye hakuwahi kuwaita.

Makosa haya mawili yametokea katika kazi kubwa za ulimwengu. Kosa la mwanga lilidhihirika Thailand. Kampuni ya Google ilikuwa imetengeneza programu ya kutambua, kwa picha za ndani ya jicho, madhara ya ugonjwa wa kisukari, na watafiti wakaifuatilia katika zahanati 11 za nchi hiyo, wakatoa ripoti mwaka 2020. Picha kama hizo hupigwa vizuri katika chumba chenye giza, maana mboni hupanuka gizani na kuruhusu kamera kuona ndani. Lakini ni zahanati mbili tu zilizokuwa na chumba maalumu kiwezacho kutiwa giza. Kati ya picha 1,838 za miezi sita ya kwanza, asilimia 21 zilikataliwa na mashine kwa kukosa ubora. Wagonjwa ambao picha zao zilikataliwa waliambiwa wamwone mtaalamu kwenye kituo kingine, siku nyingine. Mashine hiyo ilikuwa na heri kuliko yetu ya mahindi, kwa kuwa yenyewe ilifundishwa kusema "sioni". Hata hivyo gharama ya kusema hivyo ilibebwa na wauguzi na wagonjwa, kwa sababu waliotengeneza jicho hawakukifikiria chumba.

Kosa la mfano uliokosekana lilionyeshwa mwaka 2018 na Joy Buolamwini na Timnit Gebru huko Marekani. Walikusanya picha 1,270 za wabunge wa nchi sita, tatu za Afrika, ambazo ni Rwanda, Senegali na Afrika Kusini, na tatu za Ulaya, ambazo ni Iceland, Finland na Sweden. Wakazipeleka picha hizo kwa mashine za kampuni tatu zilizokuwa zikiuza huduma ya kutambua kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7, yaani zaidi ya mmoja kati ya watatu. Mama mbunge wa Rwanda alikuwa kama mtoto wetu wa namba 9: yuko mbele ya mashine, mwanga umemfikia, lakini mikono ya wanaofanana naye ilikuwa karibu mitupu.

Sasa turudi kwenye muhogo, ambako swali la mtoto lilianzia. Programu ya simu iitwayo Nuru ilitokana na kazi ya mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, pamoja na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, IITA. Nayo hufanya kazi shambani hata pasipo mtandao. Katika ripoti ya mwaka 2017 watafiti walieleza jinsi walivyopiga picha 2,756 za majani ya mihogo katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo na kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa matatu na uharibifu wa aina mbili za utitiri. Kwa picha ambazo haikufundishwa nazo ilipatia kwa asilimia 93. Hiyo ni kazi ya kujivunia, tena imefanywa kwa majani ya kwetu. Lakini ripoti ya mwaka 2019 ya watafiti wa kazi hiyo ilionyesha kwamba simu ilipopelekwa katika mazingira halisi uwezo ulishuka, na kwamba majani yenye dalili hafifu yalikuwa magumu kutambuliwa kuliko yale yenye dalili kali.

Liko na jambo jingine ambalo mtoto wa mkulima alijua kabla ya watafiti. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia waweza kuozesha mizizi wakati majani yanaonekana karibu mazima. Mwanga hauingii ardhini. Kamera inayotazama jani haiwezi kuona mzizi, hata ikifundishwa kwa picha milioni. Hapo jembe ndilo linalojua. Na kwa kuwa magonjwa haya huenezwa na inzi weupe na pia kwa pingili za mbegu, mkulima aliyeambiwa na simu kwamba jani ni zima, akachukua pingili za shamba hilo na kumpa jirani, aweza kueneza maafa kwa nia njema.

Majibu kwa wenye shaka

Wako wenzetu wanaosema kwamba mambo haya hayazifai shule zisizo na umeme. Tumeshaonyesha kwamba boksi, kadi, mahindi na maharage havihitaji umeme. Tena shule isiyo na umeme ndiyo ihitajiyo somo hili zaidi, kwa kuwa mashine hufika vijijini mikononi mwa wageni kabla ya kufika shuleni, na hufika ikiwa imekwisha kufundishwa kwingine.

Wako wanaosema kwamba mtoto wa shule ya msingi ni mdogo mno, afundishwe kutumia tu, mengine atayapata sekondari. Sisi twajibu kwamba si watoto wote watakaofika huko, na kwamba mtumiaji asiyejua mipaka ya chombo chake ni sawa na dereva ajuaye mafuta asijue breki.

Wako pia wanaosema kwamba ufundi huu unabadilika upesi, na kwamba tunayofundisha leo yatachakaa kesho. Ni kweli kwamba mwanga wenyewe sasa unapewa kazi mpya. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha MIT huko Massachusetts waliripoti kwamba wametengeneza bamba dogo ambamo hesabu za mashine ya kujifunza zilifanywa kwa miale ya mwanga badala ya mkondo wa umeme peke yake. Walilipa kazi ya kutambua irabu nne katika matamshi ya watu. Lilipatia mara 138 kati ya 180, na kompyuta ya kawaida ililishinda. Mwalimu wa darasa la kwanza atatabasamu, maana watoto wake hutambua irabu tano kabla ya likizo. Lakini wenye kazi hiyo wanatumaini kwamba siku za mbele hesabu za mwanga zitakuwa za haraka na zenye kula umeme kidogo. Na iwe hivyo. Mwanga ukibeba hesabu, au ukibeba habari chini ya bahari katika mkongo, bado mashine itajua kile tu ilichoonyeshwa, kwa mwanga uliokuwapo, na kwa masahihisho ya aliyeisahihisha. Mambo hayo hayachakai, na hayo ndiyo tunayotaka yafundishwe.

Utaratibu tunaoupendekeza

Kwa mwanachuo anayeandaa azimio lake la kazi twapendekeza vipindi vinne. Kipindi cha kwanza, watoto watengeneze kamera ya boksi na kueleza kwa michoro njia ya mwanga. Kipindi cha pili, wachore jani la muhogo juu ya karatasi ya miraba na kuandika katika kila mraba namba ya mwanga, tuseme kutoka 0 hadi 9. Kisha wafanye hivyo tena jani likiwa kivulini, na kulinganisha namba. Kipindi cha tatu, wacheze mchezo wa watoto tisa. Kipindi cha nne, waufunge mchezo gizani na kuufundisha kwa kadi pungufu, kisha waende bustani ya shule wakiwa na jembe.

Katika vipindi vyote watoto wazoezwe kuuliza maswali matatu kila wanapoambiwa kwamba mashine imeona jambo. Ni mwanga gani ulioingia? Ilifundishwa kwa mifano ipi? Ikikosea, nani atairekebisha? Maswali hayo yaandikwe kwenye bango na kutundikwa ukutani karibu na jedwali la kuzidisha, kwa sababu yatatumika kwa muda mrefu kama jedwali lenyewe.

Somo hili lamhusu pia mwalimu mwenyewe. Mwalimu anayewauliza watoto wa madawati ya mbele tu atajifunza darasa lake kwa kadi pungufu, na wale wa pembeni watabaki na mikono mitupu hadi siku ya mtihani. Akisema basi kwamba hawana akili, atakuwa amefanya kosa lilelile la mashine, naye hana udhuru wa mashine, kwa kuwa yeye aweza kugeuza shingo.

Ndugu wanachuo, mtakapokwenda shule za mazoezi muhula ujao, swali la simu na muhogo litawangoja. Msilijibu kwa jina. Ombeni boksi tupu dukani, chukueni pini na karatasi, mkaanze na mwanga.